Vanishi inaweka ukungu mweupe kwenye modeli ya ndege, naomba ushauri

Wakuu, heshima kwenu. Nina modeli ya Spitfire (ndege ya kivita ya Waingereza) ya skeli ya 1/72, rangi za akriliki zimekaa vizuri kabisa. Shida ni vanishi ya kung'aa, ile ya thina kali: nikiipuliza kwa brashi ya hewa inaacha ukungu mweupe, hasa chini ya mabawa. Niko Kigamboni, unyevu wa masika mnaujua wenyewe. Nimeshusha presha hadi psi 15, nimefunga kichujio cha maji kwenye mpira wa kompresa, wapi! Kuchakaza mistari ya paneli kwa rangi ya mafuta, yaani kuifanya mistari ya maungio ya bati ionekane imezeeka, nimesitisha kwanza.

Je, nikiongeza ritada (kimiminika cha kuchelewesha kukauka) kwenye vanishi ili ikauke polepole itasaidia, au nisubiri kipupwe? Na ukungu uliopo, nikipulizia thina tupu kidogo sana, utaondoka bila kula rangi ya chini?