Wenye kuuza mashine za kupima sukari ya damu hapa Kisumu, mbona mnatupea mashine na stripu zake, vile vipande vya kuwekea tone la damu, hamna?

Watu wangu naandika hii nikiwa nimekasirika sana. Mamangu ana kisukari, anajidunga insulini asubuhi na jioni, anakaa Kondele, na tangu Novemba mwaka jana tumepitia mashine tatu za kupima sukari. Tatu! Na hakuna hata moja imeharibika, zote zinawaka vizuri kabisa, ziko hapa mbele yangu kwa meza.

Ya kwanza alipewa bure. Ile tarehe 14 Novemba ya siku ya kisukari duniani kulikuwa na hema, watu wanapimwa, wazee wakapewa mashine na stripu 10. Mama alifurahi mpaka akaenda nayo kanisani kuonyesha wenzake. Siku tano stripu zimeisha. Nikatoka Kibuye kwa miguu nikashuka mpaka Oginga Odinga Street nikiingia kila chemisti iliyo wazi, na jibu ni moja tu, hiyo hatuleti, jaribu Nairobi. Nikapata Nairobi, boksi ya 50 sh. 2,800, na bado ulipe basi. Kwani wale walioleta hizo mashine hawakujua stripu haziuzwi huku? Stripu ya mashine moja haiingii kwa nyingine, na hata ikiingia haisomi kitu ya maana, kwa sababu kila kampuni inatengeneza zake, ile dawa iko kwa ncha inakutana na damu inatoa umeme kidogo sana na mashine yake ndio inajua kuupima. Kwa hivyo ukimpa mgonjwa mashine bila njia ya kupata stripu umemwachia plastiki na betri.

Sawa, nikanunua ya pili mjini. Huyo dada wa kaunta akaniambia hii ndio inatoka sana, stripu ziko. Kweli ziko. Lakini hakuniambia hiyo mashine inasoma kwa miligramu (mg/dL). Usiku saa nne mama ananipigia simu analia, "Baba, sukari imefika mia moja arobaini na mbili, nakufa, kuja." Mimi niko Mamboleo. Nikapanda boda nikafika nikakuta jirani ameshapiga magoti anaomba. Sasa sikilizeni. Kwa kijitabu cha kliniki mama amezoea kuona 7, 9, siku mbaya 13, hizo ni milimoli (mmol/L), kipimo kingine cha sukari hiyo hiyo. Ukitaka kutoa miligramu kuleta milimoli unagawanya kwa 18. 142 gawanya kwa 18 ni 7.9. Yaani mama alikuwa sawa! Na alikuwa ameshatoa insulini kwa mtungi akitaka kujidunga ingine juu ya ile ya jioni, na ingemshusha usiku akiwa peke yake kwa nyumba. Mnajua sukari ikishuka chini ya 4 mtu anatetemeka, anatoa jasho, anachanganyikiwa, ikiendelea anazimia. Hiyo yote kwa sababu mtu wa duka hakufungua boksi aangalie kioo kimeandikwa nini. Nikarudisha asubuhi nikitaka wabadilishe isome kama ya kliniki, ikaonekana imefungwa hivyo kutoka kiwandani, haibadilishwi. Pesa hawarudishi. Mama akakataa kuigusa tena na siwezi kumlaumu.

Ya tatu inasoma milimoli, nilihakikisha kabla sijatoa hata shilingi. Chupa ya kwanza ya stripu ilikuwa poa. Ikaisha, lile duka likawa halina stoki, nikapata duka lingine wanauza rahisi, boksi imepangwa kwa dirisha juani, na mimi nikaona afadhali nimeokoa mia nne. Wiki nzima mashine inatoa 6, 6.4, 7. Mama anakunywa maji kama ametoka shamba, usiku anaenda choo mara tano, anakonda, na mimi naangalia namba namwambia mama uko vizuri. Hizo namba nilikuwa naziandika kwa kijitabu na mkono wangu mwenyewe. Siku ya kliniki wakampima kwa maabara ikatoka 17. Nilirudi nyumbani nikageuza chupa, tarehe ya mwisho ilipita miezi minne. Nikiangalia boksi vizuri kuna stika ya bei imebandikwa juu ya ile tarehe.

Na msiniambie mashine za nyumbani hazilingani na maabara, hiyo naijua. Kiwango cha kimataifa, ISO 15197, kinaruhusu ipishane asilimia 15, sukari ikiwa 10 mashine inaweza kusema 8.5 ama 11.5 na hakuna mtu atalalamika. Lakini 6 na 17? Hiyo ni mtu anauza takataka kwa mgonjwa.

Joto la hapa pia mnalijua. Stripu nyingi zimeandikwa zisipite digrii 30, nyumba ya mabati Kondele saa nane mchana inapita hapo bila shida, kwa hivyo mama anaweka chupa chini kabisa kwa kabati, kifuniko kimefungwa ngumu unyevu usiingie, anaosha mikono na sabuni kabla ya kujidunga kidole maana akitoka kumenya embe hiyo sukari ya vidole inapandisha namba. Mama amefanya yake yote. Hajasoma sana lakini kwa hiyo mambo hakosei. Anayekosea ni yule ana cheti kimebandikwa ukutani na anauza stripu zilizochomwa na jua.

Mkienda kununua ulizeni bei ya stripu kabla ya bei ya mashine, na muulize angalau maduka mawili kama wanaziweka kila mwezi. Akipima mara mbili kwa siku ni stripu 60 kwa mwezi, kwa bei ya stripu za hii mashine ya tatu ni kama sh. 2,600, na bado kuna vile vidungio vya kidole. Mashine unanunua mara moja. Halafu fungua boksi palepale dukani, soma tarehe ya chupa, angalia kama kioo kinaandika mmol, na ukiambiwa ukifungua utalipa, toka.

Sasa hivi zimebaki stripu 4. Mama anapima asubuhi pekee, jioni tunajidunga kwa kukisia, na nimeambiwa mzigo utafika Jumatatu. Mwenye anajua chemisti ya Kisumu, ama hata Nakuru nitatuma mtu, yenye huwa haiishiwi na stripu za mashine ya milimoli na boksi haziko dirishani, aniandikie hapa mtaa na aina ya mashine. Nitanunua ya nne.