Naomba ushauri: mninga au mkongo kwa mpini wa upinde?

Wakuu, habari za kazi. Natengeneza upinde wa vipande vitatu: mpini wa mbao katikati, mikono miwili inafungwa kwa bolti. Mbao natafuta kwa mafundi wa Keko. Mninga nimeupenda, hauvimbi wala kupinda hovyo, na unyevu wa Dar si wa kuchezea. Ila nahofia pale panapochongwa nafasi ya kupitisha mshale, mbao inabaki nyembamba. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi. Mpingo nimeuacha, mafuta yake yanasumbua gundi. Je, nigandishe tabaka za mninga na mkongo kwa epoksi, au mkongo mtupu unatosha kwa upinde wenye mvuto (nguvu ya kuvuta kamba) wa kilo 18? Na nyuzinyuzi za mbao ya mkongo zilizopishana, hazichaniki kwenye randa?