Tupeane uzoefu: unatumia kivinjari gani kila siku, na nini kilikufanya ukichague?

Mleta mada

Wanajamvi, habari za muda huu. Swali la kivinjari bora huulizwa mara kwa mara, na mjadala wake huishia kwenye ushabiki: huyu anaisifia Chrome, yule Firefox, na hakuna anayeeleza anakitumia kwa kazi gani. Ningependa safari hii tulitazame jambo hili kwa vitendo. Anayechangia aseme ana kifaa cha namna gani, ni kazi gani inayomweka mtandaoni muda mrefu, na ni jambo lipi hasa lililomhamisha, kwa kuwa ushauri unaomfaa mwenye kompyuta yenye RAM ya GB 16 unaweza kumtesa mwenye GB 4.

Naanza mwenyewe. Mimi ni mfasiri wa nyaraka, na siku nzima nina kamusi, hati na kurasa za marejeo zilizofunguliwa kwa pamoja. Nilipofikiria kuhama, nilitazama kwanza injini, yaani ile sehemu inayousoma msimbo wa ukurasa na kuuchora kwenye skrini, nikaona kwamba majina ni mengi lakini injini ni chache. Chrome, Edge, Brave, Opera na Vivaldi zote zimejengwa juu ya Chromium, mradi wa msimbo huria ulioanzishwa na Google mwaka 2008, na injini yake leo ni Blink. Opera ilikuwa na injini yake yenyewe, ikaiacha mwaka 2013. Edge nayo ilizaliwa mwaka 2015 ikiwa na injini ya Microsoft, na Januari 2020 ikahamia Chromium. Kati ya vivinjari vikubwa, vilivyobaki nje ya kundi hilo ni Safari yenye WebKit na Firefox yenye Gecko. Kwa hiyo anayetoka Chrome kwenda Edge akitarajia kurasa zichorwe kwa namna nyingine hataona tofauti kubwa. Anachobadilisha ni vilivyoizunguka injini, kama vile usawazishaji wa data kati ya vifaa vyako, faragha na mpangilio wa vichupo (tabs), yaani kurasa ulizofungua kwenye dirisha moja.

Kilichoniamulia mimi ni hicho cha mwisho. Vichupo vikipangwa wima ubavuni mwa dirisha, vichwa vya kurasa husomeka hata vikiwa vingi, ilhali vikipangwa juu hubanana hadi kinachoonekana ni nembo ya tovuti tu. Niko Vivaldi kwa sababu hiyo. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa mada. Mimi ni mwenye hiyo GB 4, na kazi yangu ni hesabu za ofisi ndogo. Kabla ya kulaumu kivinjari, nashauri mtu apime. Katika Chrome ya kompyuta ya Windows, ukibonyeza Shift na Esc kwa pamoja hufunguka dirisha linaloorodhesha kila kichupo na kila kiendelezi (extension, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) pamoja na kiasi cha RAM kinachotumia. Katika Firefox andika about:processes kwenye sehemu ya anwani. Nilipofanya hivyo, kilichokuwa juu ya orodha kilikuwa ukurasa mmoja wa habari uliojaa matangazo ya video, na chini yake kiendelezi cha kusahihisha tahajia ambacho nilikuwa sikitumii. Programu yangu ya hesabu, niliyoishuku muda wote, ilikuwa chini kabisa.

Tukumbuke pia kwamba sehemu ya uzito huo ina sababu. Mwaka 2018, baada ya kutangazwa kwa udhaifu wa vichakataji uitwao Spectre, Chrome ilianza kwa kawaida kuitenga kila tovuti katika mchakato wake, ili tovuti yenye nia mbaya isiweze kuchungulia data za nyingine. Firefox ilifuata mwaka 2021. Utengano huo hula RAM, na sitamani uondolewe. Nilichofanya ni kuwasha mpangilio unaovilaza vichupo visivyotumika, ambao Chrome, Edge na Firefox zote zinao kwa namna zake, na kufuta viendelezi vyote isipokuwa kimoja. Nimebaki na Chrome.

Mchangiaji wa pili

Kompyuta sina, kila kitu nakifanya kwa simu ya Android, na nadhani tuko wengi. Nilichotafuta ni viendelezi, kwa kuwa hapo ndipo tofauti ilipo: Chrome ya Android haivipokei, wakati Firefox ya Android ilifungulia milango viendelezi vya watayarishaji wote mwezi Desemba 2023. Kwa anayesoma makala ndefu kwenye skrini ndogo, kizuizi cha matangazo hubadilisha usomaji wenyewe, maana maandishi hayarukiruki tena kila tangazo linapojipenyeza katikati ya aya.

Kwa wanaotaka kuokoa data, Opera Mini bado ina nafasi yake. Katika hali yake ya kubana zaidi, ukurasa huandaliwa kwenye seva za Opera kisha simu hupokea matokeo yaliyopunguzwa. Uzuri wake unajulikana. Udhaifu wake ni kwamba kurasa zinazotegemea sana JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya ukurasa, hazikai sawa, na wewe unakuwa umemweka mtu wa tatu kati yako na tovuti. Mimi huifungua kwa kusoma tu, si kwa jambo lolote linalohitaji nenosiri.

Mchangiaji wa tatu

Mleta mada, nakubaliana nawe kuhusu injini, ila umeupita haraka upande wake wa pili. Injini moja ikitawala, watengenezaji wa tovuti huacha kupima kwingine. Tulishayaona hayo: Internet Explorer 6 ya Microsoft ilitoka mwaka 2001, ikashika soko, na toleo la 7 likachelewa hadi mwaka 2006. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya mimi kutumia Firefox, hata pale ambapo hulazimika kuweka kivinjari cha akiba kwa ajili ya mfumo mmoja wa kazini unaokataa kila kisicho Chromium.

Sababu kubwa zaidi ni faragha. Safari ilianza kuvizuia kikamilifu vidakuzi (cookies) vya wahusika wengine, yaani vijifaili vya kumtambua mtumiaji vinavyowekwa na kampuni ambayo si mwenye tovuti uliyoifungua, mwezi Machi 2020. Firefox iliviwekea kila tovuti chumba chake kwa watumiaji wa kompyuta kuanzia Juni 2022. Google iliahidi kuviondoa katika Chrome, ikaahirisha zaidi ya mara moja, na Julai 2024 ikatangaza kuuacha mpango huo. Ongezeni mabadiliko ya kanuni za viendelezi, maarufu kama Manifest V3, yaliyoifanya uBlock Origin kamili, kiendelezi cha kuzuia matangazo, isifanye kazi tena katika Chrome, ikabaki ile nyepesi. Hali fiche (incognito) siihesabu hata kidogo: huficha historia kwa anayekishika kifaa chako, lakini mtoa huduma wa intaneti na mwajiri hawafichwi lolote.

Mleta mada

Nimekupata, na hoja ya kupima kwingine naikubali. Swali kwa waliohama: manenosiri mliyahamishaje? Hapo ndipo wengi hukwama.

Mchangiaji wa nne

Alamisho (bookmarks) hazina shida, hutolewa kama faili la HTML na kila kivinjari hulipokea. Manenosiri hutoka kama faili la CSV, na hapo pana hatari, kwa sababu faili hilo halijasimbwa: ukilifungua kwa programu yoyote ya maandishi utaona jina la tovuti, jina lako la mtumiaji na nenosiri vikiwa wazi kwenye mstari mmoja. Lisitumwe kwa barua pepe wala kuwekwa kwenye folda inayosawazishwa mtandaoni. Liingizwe kwenye kivinjari kipya, akaunti chache zijaribiwe, kisha lifutwe pamoja na nakala iliyobaki kwenye pipa la taka.

Mimi niliamua kuyatoa kabisa kwenye kivinjari na kuyaweka katika programu inayojitegemea ya kutunza manenosiri. Tangu hapo naweza kutumia Brave kwenye kompyuta na Safari kwenye iPhone bila kufungwa na usawazishaji wa kampuni yoyote, na swali la kivinjari limekuwa jepesi.