Maktaba ya shule kwenda kidijitali, nianzie wapi?

Mwalimu_Rafuni: Wakuu habari zenu. Nimekabidhiwa maktaba ya shule, vitabu vipo vingi tu ila katalogi (orodha ya vitabu vyote) hakuna, kuazima ni kwa daftari na likijaa linafunguliwa jingine, ukitaka kujua kitabu kiko kwa nani unafukunyua madaftari mpaka kengele inalia. Sasa uongozi unataka tununue tableti halafu vitabu viende stoo. Moyo wangu unakataa ila hoja ya kuwaambia sina. Wenye uzoefu nisaidieni.

KabatiLaVitabu: Ticha usikubali vitabu viende stoo. Anza na katalogi, ikishakaa sawa utaprinti vinavyoazimwa sana uwapelekee, hoja yako itakuwa hiyo. Ila kwanza pitia rafu zote, vilivyochanika tenga vikagundishwe, vya sayansi vilivyopitwa na wakati toa, usije ukapoteza muda kuingiza vitabu ambavyo hakuna atakayevigusa. Halafu tafuta skana ya msimbopau, unaichomeka USB na kompyuta inaichukulia kama kibodi tu, ukiimulika kwenye msimbopau wa kitabu, ISBN (namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu) inajiandika yenyewe. Vitabu vya kuanzia 2007 vina ISBN ya tarakimu 13, vya nyuma yake 10, vya zamani sana havina kabisa, hivyo unavibandikia namba yako mwenyewe.

fundi_seva: Upande wa programu za kuendesha maktaba kuna Koha, ni ya bure, ilianza kutumika Nyuzilandi mwaka 2000, inavuta taarifa za kitabu kutoka katalogi za maktaba nyingine kwa hiyo hauandiki upya. Lakini inakaa kwenye Linux (mfumo endeshi wa kompyuta, sio Windows) na inataka mtu wa kuiangalia, kama hayupo achana nayo kwa sasa. Maktaba ndogo Excel inatosha, ila kila nakala iwe na mstari wake na namba yake, ukiandika tu "nakala 12" utajuaje iliyopotea ni ipi? Bekapu kila wiki, na hiyo flashi isikae chumba kimoja na kompyuta.

MamaMsomaji: Mie tableti sizikatai, kuna programu ya Kiwix, inawapa watoto Wikipedia bila hata intaneti. Ila mambo ya kudaunlodi PDF ovyo hapana, nyingi zina hakimiliki na shule ndo itaulizwa.

Kingine kinaniuma sana, shule kubandika ubaoni majina ya wanaodaiwa pamoja na vitabu walivyoazima. Mtoto kaazima kitabu cha balehe au cha kufiwa na mzazi, darasa zima linajua, huyo maktaba harudi tena. Kwenye kompyuta ndo inasambaa haraka zaidi. Mwalimu weka nywila, na kitabu kikisharudi futa jina la aliyeazima, bakiza idadi ya kuazimwa kwake tu.

Mwalimu_Rafuni: Asanteni sana, hilo la majina tunalifanya na nitalisimamisha. Na vile vya kiada vinavyogawiwa darasa zima, viingie katalogi hiyohiyo?

fundi_seva: Hiyohiyo, ongeza safu ya aina tu. Vya kiada vinatoka mwanzo wa mwaka vinarudi mwisho, vya kusoma ni wiki mbili, usipovitenganisha orodha ya waliochelewesha itajaa wanafunzi ambao hawana kosa.