Gumzo la ukoo: Wadi yetu na pesa za kila mtu

Saumu: Assalamu alaikum nyote. Shikamooni wakubwa. Alhamisi ijayo kuna kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti, pale uwanja wa shule. Sisi vijana wa mtaa tunapeleka barua ya ombi moja: wadi yetu ijaribiwe kipato cha msingi. Kila mtu mzima apate pesa kidogo kila mwezi, mwenye kazi na asiye na kazi, bila sharti. Naomba sahihi za ukoo mzima.

Ami Rajabu: Wa alaikum salaam, marahaba mwanangu. Kila mtu? Hata mwenye ghorofa?

Saumu: Hata yeye, Ami. Wa ghorofa utamfuata kwa kodi. Ukianza kuchagua ndipo mambo huharibika.

Ami Rajabu: Basi ngoja nipige hesabu. Sensa ya Kenya ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6. Mpe kila mmoja elfu mbili kwa mwezi, mara miezi 12. Ni zaidi ya trilioni 1.1. Bajeti ya taifa zima ya 2024/25 ilikuwa karibu trilioni 4. Robo na zaidi imekwenda, hujalipa mwalimu wala daktari. Itatoka wapi? Juni 2024 vijana waliingia barabarani kwa ajili ya kodi, wengine hawakurudi nyumbani. Mie sitii sahihi kodi nyingine.

Mwanaisha (Siaya): Shikamoo Ami. Hesabu yako ni sawa, siibishii. Lakini mie naishi karibu na vijiji ambavyo jambo hili limefanyika, acheni niseme ninachokijua.

Mwanaisha (Siaya): Shirika la GiveDirectly, linalowapa watu pesa moja kwa moja, lilianza na kijiji kimoja huku Siaya mwaka 2016, halafu wakapanua hadi Bomet. Utafiti mzima una vijiji 295. Vijiji 44 watu wazima wote wanalipwa kwa miaka 12, shilingi 2,250 kwa mwezi, kwa simu. Vijiji 80 walilipwa miaka miwili tu. Vijiji 71 walipewa kwa mkupuo. Vijiji 100 hawakupewa, ili walinganishe.

Ami Rajabu: Na watu wakaacha kazi.

Mwanaisha (Siaya): Hawakuacha. Hilo ndilo watafiti walilitafuta kwanza, akina Abhijit Banerjee aliyepata Nobeli ya uchumi 2019, na Tavneet Suri. Walichokiona ni watu kupunguza vibarua vya mashamba ya wenzao na kufungua biashara zao: kibanda, mashine ya kusaga, samaki. Ulevi haukuongezeka pia.

Mwanaisha (Siaya): Na kitu kimoja nimekiona kwa macho yangu. Mama mmoja mwenye watoto darasani kwangu ana daftari la chama, la jalada bluu, analiweka ndani ya mfuko wa nailoni lisilowe. Wako wanawake kumi na wawili. Pesa ikiingia kila mmoja anatoa elfu moja, na mwezi huo mmoja wao anaondoka na elfu kumi na mbili. Zamu yake ilipofika alinunua ndama. Amenifungulia ule ukurasa, ameandika "ng'ombe" kwa herufi kubwa. Kwa sababu anajua mwezi ujao pesa inakuja, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu, anathubutu kupanga. Waliopewa miaka miwili hawakupata huo ujasiri, na matokeo yao yalikuwa chini ya waliopewa kwa mkupuo na wale wa miaka 12.

Hamadi: Lakini Dada, si bei hupanda? Mwenye duka akijua mtaa mzima una pesa, unga utapanda.

Mwanaisha (Siaya): Hilo pia lilipimwa hapa Siaya, katika mradi mwingine wa shirika hilohilo. Kaya zaidi ya 10,000 zilipewa kama dola 1,000 kila moja. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1. Na majirani ambao hawakupewa kitu walinufaika, maana pesa ilipita kwenye maduka yao na vibarua vyao.

Hamadi: Mie nilisikia kuna waliokataa.

Mwanaisha (Siaya): Homa Bay, ndiyo. Wengi walikataa, karibu nusu. Uvumi ulienea kuwa ni pesa za shetani. Siwalaumu. Mtu aliyezoea kudanganywa kila uchaguzi, ukimwambia chukua bure, atashtuka.

Shangazi Zuhura (Unguja): Salaam wanangu. Nimewasoma wote. Sasa mbona mwakwenda hadi Siaya na mie niko hapa? Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefika miaka 70 anapewa Pensheni Jamii, na pesa ni za serikali yenyewe. Ilianza shilingi elfu ishirini za huku. Mama mkwe wangu hakuajiriwa maisha yake yote, alilima mwani na kusuka makawa. Mwezi wa kwanza alizihesabu mara tatu, akanipa elfu mbili nikamnunulie sukari, akasema "leo nakunywa chai yangu."

Shangazi Zuhura (Unguja): Hakuna aliyemuuliza kama nyumba ni bati au makuti. Aliulizwa umri.

Saumu: Shangazi, hilo ndilo jambo! Bibi amesikia nikisoma, nimemrekodi. Nawaandikia maneno yake yalivyo:

Saumu (maneno ya Bibi): "Mwambieni Rajabu hivi. Mwaka ule walikuja watu kuandika maskini, wakatazama mapaa. Langu lilikuwa bati jipya, babu yenu alilipiga miezi miwili kabla hajafa. Wakaniruka. Jirani yangu wa ukuta mmoja akaandikwa, na ndani kwake na kwangu palikuwa sawasawa, hapana kitu. Tulikaa miezi hatupelekeani mchuzi. Mie na yeye tuliozaa mwaka mmoja! Hii pesa ya serikali ya wazee wa miaka 70 ilipokuja tukapata wote, tukaenda pamoja. Elfu mbili naifunga kwenye pindo la leso. Kwanza deni la duka, halafu tembe za presha, halafu hamsini ya mtoto ale mahamri shuleni. Mie najiona mtu."

Hamadi: Allah amueke.

Ami Rajabu: Mama hakuniambia habari ya mchuzi.

Saumu: Hakutaka ujue, Ami. Ulikuwa huna kazi wakati ule.

Mwanaisha (Siaya): Katiba yetu, ibara ya 43, inasema hifadhi ya jamii ni haki ya kila mtu. Saumu, liwemo hilo kwenye barua.

Saumu: Limo. Tumeweka mbele kabisa.

Ami Rajabu: Sikilizeni. Kwa nchi nzima bado nasema haiwezekani kwa sasa, na mkiisimamia hivyo pale uwanjani, karani wa bajeti atawanyamazisha kwa dakika moja kwa hesabu hiyohiyo yangu. Saumu, barua yenu ina hesabu?

Saumu: Haina, Ami. Ina sababu tu.

Ami Rajabu: Hapo mtashindwa. Anzeni kwa umri. Waambieni wateremshe umri wa pesa ya wazee kutoka 70 hadi 65, kila mtu, bila kutazama paa, wadi hii kwanza, miaka mitano si miwili. Mmesikia Mwanaisha kuhusu miaka miwili. Hesabuni wazee nyumba kwa nyumba, mjue ni wangapi na ni shilingi ngapi kwa mwaka. Nami nitapita nyumba za upande wa msikiti.

Hamadi: Mie upande wa kisimani, baada ya alasiri.

Shangazi Zuhura (Unguja): Rajabu, nakutumia picha ya kitambulisho cha pensheni cha mama mkwe, amekubali. Wakisema haiwezekani waonyesheni.

Saumu: Bibi anauliza kama anaweza kusema mwenyewe pale kikaoni.

Ami Rajabu: Aseme. Mama atatangulia, mie nitasoma hesabu baada yake. Saa mbili asubuhi nakuja na tuktuk. Mpatie mto wa kukalia, barabara ya uwanjani ina mashimo.