Miche ya maboga: niihamishe sasa au nisubiri ianze kutambaa?

Shamba_Mlandizi
Habari za jioni wakuu. Niko Mlandizi, nina robo eka ya kichanga na maji ya bomba yapo. Nimeotesha maboga ya kienyeji, nusu kwenye trei na nusu kwenye viriba. Sasa hivi mingi ina majani mawili halisi, ukiacha yale ya mwanzo yaliyotoka na mbegu. Mama mkwe anasema nisubiri hadi ianze kutambaa ndiyo niipeleke shambani, itakuwa na nguvu. Muuza pembejeo anasema niipeleke leo leo. Jua la huku mnalijua. Halafu iliyokuwa upande wa ndani, chini ya kivuli cha mwembe, imerefuka shingo na kulegea. Nayo nifanyeje? Naombeni ushauri, msimu huu nautegemea sana.

Kitalu_Tengeru
Mkuu, mpe heshima zake mama mkwe, lakini kwa maboga usisubiri itambae. Nyanya na kabichi zinavumilia mizizi kuguswa, jamii ya maboga, matango na matikiti haivumilii. Mche ukishatoa vikono, mizizi imejizungusha ndani ya kiriba, na ukiuhamisha unadumaa wiki nzima au zaidi. Majani mawili hadi matatu halisi ndiyo wakati wake.

Anza na ya kwenye trei, kule udongo ni kidogo na mizizi inabanwa mapema. Ya viriba inaweza kusubiri siku chache.

Ila usiitoe kivulini ukaipeleka moja kwa moja kwenye jua la Mlandizi. Ipe jua la asubuhi tu kwanza, kila siku uongeze muda kidogo, hadi ishinde nje kutwa. Maji punguza bila kuiacha inyauke. Siku tano hadi saba zinatosha, utaona shina linakuwa gumu na jani linakoza rangi.

MamaBustani
Nikazie kwenye kuhamisha kwenyewe, maana hapo ndipo miche mingi inapofia. Fanya jioni, jua likishapoa. Mwagilia miche saa moja au mbili kabla, ili udongo ushikane na mizizi. Usiushike mche kwenye shina ukavuta! Kiriba kichane kwa wembe upande mmoja na chini, kisha shusha bonge lote la udongo kwenye shimo ukiwa umelipakata kwa viganja viwili. La trei lisukume kwa chini kwa kidole, litoke zima. Bonge likimeguka, mizizi midogo ile myeupe inakatika, na hiyo ndiyo inayonywa maji.

Ukimaliza, bonyeza udongo taratibu, mwagilia palepale, na chomeka kuti au tawi lenye majani upande wa magharibi likinge jua la mchana. Baada ya siku nne hivi liondoe. Mchana ukikuta majani yamelegea usiogope. Ukiyakuta yamelegea asubuhi, hapo una tatizo.

Malenge_Kitale
Ndugu, sisi huku Trans Nzoia malenge hatusumbuki na kitalu. Mvua ikianza tunadondosha mbegu mbili tatu kwa shimo, kati ya mahindi, kisha tunaacha mche mmoja wenye afya. Mbegu iliyopandwa papo hapo haipati mshtuko wowote na mara nyingi inaufikia mche uliohamishwa. Mwaka ujao jaribu.

Kitalu_Tengeru
@Malenge_Kitale ni kweli kabisa, mvua ikiwa ya uhakika. Tatizo ni panya wanaofukua mbegu, na ukinunua mbegu za bei huwezi kumwachia panya. Lakini mkuu wa Mlandizi, turudi kwa miche yako iliyorefuka shingo. Ile yenye shina lililonyooka ipande kina kidogo zaidi, udongo uishie chini ya majani ya mwanzo, na usiloweshe kupita kiasi maana shina litaoza. Iliyolala kabisa achana nayo, weka mbegu mpya kwenye shimo hilo. Kwa joto la huko itaota ndani ya wiki.

Shamba_Mlandizi
Asanteni sana, nimeelewa. Na nafasi je? Samadi ninayo, ya ng'ombe.

MamaBustani
Maboga ya kienyeji yanatambaa mno, mpe mita 2 kwa 2. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000, kwa hiyo unapata mashimo 250 hivi. Shimo la sentimita 30 kila upande, samadi iliyoiva nusu ndoo, changanya na udongo wa juu, mwagilia, na uache wiki moja kabla ya kupanda. Ikiwa bado inatoa joto au harufu kali usiitumie, itaunguza mizizi. Kichanga hakishiki maji, kwa hiyo weka matandazo ya nyasi kavu, ila yasiguse shina.

Jembe_Halichoki
Hamjamwambia kuhusu sota, yule kiwavi anayekata miche. Utapanda jioni, asubuhi unakuta mche umelala chini, umekatwa usawa wa udongo kama kwa mkasi. Fukua kwa kidole kuzunguka mche uliokatwa, utamkuta amejikunja, wa kijivu. Muue, la sivyo usiku unaofuata anahamia wa jirani. Kinga yake: chukua chupa za maji za plastiki, kata vipande vya pete, zungushia kila mche, pete izame sentimita 3 ardhini. Na magugu yaondoe mapema, wiki mbili kabla ya kupanda, asipate pa kujificha.

Shamba_Mlandizi
Hili la sota sikulijua kabisa, chupa naanza kukusanya kesho. Swali la mwisho: wife anataka msusa. Tukichuma majani, maboga yatazaa?

MamaBustani
Yatazaa, mkichuma kwa kiasi. Acheni kwanza mmea utambae zaidi ya mita moja, kisha chumeni majani machanga machache kila mmea bila kukata ncha ya shina kuu. Au tengeni mstari mmoja wa pembeni uwe wa msusa tu, mkate mnavyotaka.