Tupeane uzoefu: mliopangiwa field (mafunzo kwa vitendo ya chuo) kwa mtendaji wa kata, iliwakomaza vipi?

Wakuu, salaam. Msimu wa field ndio huu, na vijana wengi wanahangaikia ofisi zenye kiyoyozi. Tulioripoti kata za pembezoni na barua mkononi, tuwaeleze wadogo zetu.

Naanza mimi. Nilisomea maendeleo ya jamii, nikaangukia Singida vijijini. Mtendaji akanikabidhi kazi ya kuandika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Darasani tulikariri tu: sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, kikao kila miezi mitatu. Pale chini ya mti ndipo nilipoona mapato na matumizi yanavyosomwa hadharani. Bibi mmoja akauliza saruji ya zahanati imeishia wapi. Mwenyekiti akataka kulipita swali, watu wakagoma. Nikaandika swali kama lilivyoulizwa, na jibu kama lilivyotolewa: litajibiwa kikao kijacho.

Kikao kijacho kilipofika, bibi akawahi kusimama kabla ya ajenda: "Mjukuu wangu, hebu soma ulichoandika." Nikasoma, sauti inatetemeka. Risiti zikaletwa siku hiyohiyo. Ripoti yangu ya field sidhani kama msimamizi aliifungua, ila muhtasari ule ulifanya kazi.

Mgogo wa Mjini:
Mimi nilikuwa kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Nilizunguka kuhakiki vikundi. Usiulize katiba, katiba wanakopiana. Muulize mhazini leja iko wapi. Kikundi halisi atainuka kuifuata ndani. Kikundi cha kuvizia mkopo watatazamana.

Kilichonikomaza hasa ni Aprili 2023, serikali iliposimamisha mikopo ili ipange utaratibu mpya. Akina mama walishakamilisha makaratasi yote, na afisa akanituma mimi nikawaeleze. Chuo gani kinafundisha kumwambia mtu wa umri wa mama yako arudi nyumbani asubiri? Ilirejea 2024, mimi nikiwa nimeshaondoka.

Wa Kwale:
Huku Kenya Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe, kwa hiyo kaunti huita watu waijadili bajeti. Nilipokuwa mwanagenzi nilipewa kitabu kinene cha Kiingereza nikawaeleze wazee kwa Kidigo. Mzee akanikatiza: "Mwanangu, niambie tu kisima chetu kimo au hakimo." Hakikuwamo. Ndiyo ikawa hoja ya siku nzima.

Tandale Original:
Field yangu ilikuwa kuzibua mitaro Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nauli sijarudishiwa hadi leo.

Mwanzisha mada:
Hahaha, sasa ulijifunza nini mkuu?

Tandale Original:
Kwamba mwenye duka kubwa, ambaye taka zake ndizo zimeziba mtaro, siku hiyo huwa amesafiri. Nikamshauri mjumbe tuanzie mlangoni kwake siku ya kazi, saa mbili asubuhi, wateja wakiona. Akatoa vibarua wawili na toroli.

Mwaka wa Pili:
Shikamooni. Nimepangiwa kata, naanza Julai. Nibebe nini?

Mgogo wa Mjini:
Marahaba. Daftari gumu, viatu vya kutembelea, na akiba ya nauli, usitegemee posho. Ukishamsalimu mtendaji, muulize mkutano wa kijiji ni lini.